Senti tatu kwa kilomita: gharama halisi ya tairi za theluji kwenye pikapu

Pikapu inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye lami kavu, breki ikikanyagwa mpaka mwisho, itasimama baada ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyokwisha kushindiliwa na magari itahitaji karibu mita 40. Kwenye barafu ngumu, ile ambayo dereva huidhani ni lami iliyolowa tu, itaserereka mita 98. Hii ni fizikia ya sekondari, kwa msuguano wa 0.7 kwenye lami kavu, 0.25 kwenye theluji na 0.1 kwenye barafu. Haijaingiza sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo peke yake ni mita nyingine 21.

Ukipandisha mwendo hadi 80, umbali wa kusimama kwenye theluji unafika mita 101. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 60, umbali umezidi mara mbili na nusu. Na katika hesabu yote hii uzito wa gari haumo kabisa. Pikapu ya tani mbili na nusu na gari dogo la tani moja na robo, zikiwa na msuguano uleule, zinasimama mahali pamoja. Anayenunua pikapu kubwa akiamini ukubwa wake utamshikilia barabarani anaamini kitu ambacho hesabu haikijui.

Nayaandika haya nikiwafikiria wasomaji wetu walioko Minnesota, Iowa, Maine, Manitoba na Quebec: Wakenya wa Minneapolis, Wakongo wa Des Moines na Portland, Warundi waliotawanyika huku na huko. Wengi wanafanya kazi za zamu, kwenye nyumba za kutunzia wazee, kwenye maghala na viwanda vya nyama. Zamu ya alfajiri ina maana ya kuwa barabarani saa kumi na moja asubuhi, mara nyingi kabla magari ya kusukuma theluji hayajafika mitaa ya pembeni. Januari ya Minneapolis ina wastani wa nyuzi 9 chini ya sifuri, na hapohapo ndipo chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani inapoanza kushindwa kuyeyusha barafu. Kwa takwimu za mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya Marekani, ajali kwenye lami yenye theluji, tope la theluji au barafu huua watu zaidi ya 1,300 kwa mwaka na kujeruhi zaidi ya 116,800.

Kuna jambo moja ambalo wenye pikapu wanapaswa kulisikia kabla ya bei. Kuvuta kwa magurudumu yote manne hukusaidia kuondoka. Hakukusaidii kusimama, kwa sababu gari la kila aina hufunga breki kwenye magurudumu manne tangu lilipotoka kiwandani. Ndiyo maana pikapu yenye mvuto wa magurudumu manne na tairi zilizokakamaa kwa baridi ni hatari ya namna yake: inaanza safari vizuri, inapandisha mwendo vizuri, na dereva anagundua hali ya barabara pale anapotaka kusimama.

Kinachobadilisha umbali wa kusimama ni mpira. Tairi ya misimu yote huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Mpira wa tairi ya theluji umechanganywa ubaki laini kwenye baridi hiyo, na kashata zake, yaani ile mikato ya juu inayoshika barabara, zimechanjwa mamia ya vichanjo vyembamba kama wembe. Kila kichanjo ni ukingo wa kung'ang'ania. Tuseme msuguano unapanda kutoka 0.25 hadi 0.32 kwenye theluji, na kutoka 0.10 hadi 0.15 kwenye barafu. Tarakimu ni ndogo, lakini kwa mwendo wa 50 zinafupisha mita 39 kuwa 31, na mita 98 kuwa 66. Mita nane ni urefu wa pikapu nzima na zaidi. Ni kivuko cha watoto wa shule.

Wazo lenyewe si la jana. Kampuni ya Nokian ya Finland ilitoa tairi yake ya kwanza ya theluji mwaka 1934, nayo ilikuwa ya malori, kwa sababu malori ndiyo yaliyokuwa yakikwama. Bridgestone walileta Blizzak sokoni Japani mwaka 1988, tairi isiyo na misumari lakini inayoshika barafu. Misumari bado ipo, ila angalia sheria ya unakoishi. Minnesota imewakataza wakazi wake kuitumia tangu miaka ya 1970 kwa sababu inachimba lami, wakati Quebec huiruhusu kuanzia Oktoba 15 hadi Mei 1.

Ukiwa dukani, usiridhike na herufi M+S ubavuni mwa tairi. Hizo zinaeleza umbo la kashata tu, na hakuna jaribio lolote lililofanyika. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ulioanza kutumika mwaka 1999. Tairi yenye mchoro huo imejaribiwa kwenye theluji na kuizidi tairi ya kulinganishia kwa angalau asilimia 10. Jaribio hilo hupima kuvuta kwenye theluji. Halipimi kusimama kwenye barafu, kwa hiyo mchoro ni cheti cha kuingilia darasani, na ndani ya darasa kuna wanafunzi wa kila namna. Siku hizi hata tairi nyingi za kashata nene za kwenda porini zina mchoro huo, lakini mapande yao makubwa ya mpira mgumu yana vichanjo vichache, na barafuni hazifikii tairi ya theluji halisi.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wenye pikapu ni kununua ubavu mgumu kuliko kazi yao. Chukua kipimo kinachopatikana sana kwenye Ford F-150, 275/65R18. Tairi ya aina ya kawaida yenye namba ya mzigo 116 hubeba kilo 1,250. Ile iliyoandikwa LT mbele, daraja E, ambayo mafundi wetu wangeiita ya plai 10, yenye namba 123, hubeba kilo 1,550 ikijazwa upepo wa psi 80. Ukisikia hivyo utaona E ndiyo thamani ya fedha. Lakini tairi nne za kilo 1,250, hata ukipunguza kama kanuni inavyotaka tairi ya aina ya gari dogo inapofungwa kwenye pikapu, yaani kugawa kwa 1.1, zinabeba zaidi ya kilo 4,500. Pikapu yako ikiwa tupu ina kilo 2,200 hivi. E ni nzito, ni ghali, ubavu wake haukunjiki, inataka upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule, na gari linakuwa kama gari la ng'ombe kwenye makorongo. Anayevuta trela la vifaa kila siku au aliyefunga sepeto la kusukumia theluji anaihitaji kweli. Anayekwenda kazini na kurudi, na Jumamosi kubeba makochi ya rafiki, haihitaji.

Sasa fedha. Tuchukue gari linalotembea kilomita 24,000 kwa mwaka, asilimia 40 ya hizo katika miezi mitano ya baridi. Seti ya tairi nne, ya theluji au ya misimu yote, tuiweke dola 1,000 za Marekani. Ya misimu yote idumu kilomita 80,000, ya theluji tuihesabie 50,000 tu, kwa sababu inaacha kufaa kwenye theluji kabla haijawa kipara. Hesabu ya miaka sita ni kilomita 144,000.

Bila tairi za theluji, utakula seti 1.8 za misimu yote, yaani dola 1,800. Ukiwa na tairi za theluji, zile za kawaida zinatembea kilomita 86,400 tu na kula dola 1,080, na za theluji zinatembea 57,600 na kula dola 1,150 hivi. Jumla ni 2,230. Tofauti ni dola 430 kwa miaka sita, kama 72 kwa mwaka. Watu wengi wanaona dola 1,000 zikitoka mfukoni mwezi Novemba na kusema huo ndio mzigo. Wanasahau kwamba tairi moja ikiwa barabarani nyingine imelala stoo, haiishi.

Mzigo wenyewe uko kwenye vitu vinavyoizunguka tairi. Ringi nne za chuma tuseme 480, sensa nne za upepo 200, kufunga na kusawazisha 100. Hizo ni 780. Ukizibadilisha mwenyewe kwa jeki nyumbani, jumla ya nyongeza kwa miaka sita ni 1,210, kama dola 200 kwa mwaka. Ukimlipa fundi dola 60 kila badiliko, mara mbili kwa mwaka, inakuwa 1,930, kama 320 kwa mwaka. Kwa kilomita 9,600 za kila baridi, ni kati ya senti mbili na tatu na nusu kwa kilomita.

Na asiyetaka ringi za pili? Atakuwa anavua na kuvalisha tairi kwenye ringi zilezile, kazi ya dola 120 hivi kila mara. Kwa miaka sita hiyo ni 1,440, ongeza 430, inakuwa 1,870. Karibu sawa kabisa na mwenye ringi mbili anayelipa fundi. Kwa hiyo ringi za pili zinarudisha fedha pale tu unapozifunga kwa mikono yako, au ukizipata za mtumba kwa bei ya chini. Mimi bado ningezinunua, maana kila mara tairi inapong'olewa kwenye ringi, ukingo wake unaumia kidogo. Kanada haina sheria inayolazimisha sensa za upepo, hivyo msomaji wa Winnipeg anaweza kuacha zile dola 200 na kununua kipimo cha mkononi. Ontario nako, tangu Januari 2016 kampuni za bima zinalazimika kutoa punguzo kwa mwenye tairi za theluji. Ulizia, maana wengi wanalipa bila kulidai.

Upande wa pili wa mizani kuna kiasi unachobeba mwenyewe bima inapolipa ajali, mara nyingi dola 500 au 1,000. Kuteleza mara moja hadi kwenye bampa la mwenzako kunakula gharama ya tairi za theluji ya miaka mitatu, na hapo hakuna aliyeumia. Quebec, kabla ya kutunga sheria yake ya mwaka 2008, wizara ya uchukuzi ilieleza kwamba magari yasiyo na tairi za theluji yalikuwa kama asilimia 10, lakini yalihusika katika asilimia 38 ya ajali za majira ya baridi. Leo huko ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na faini ni dola 200 hadi 300 za Kanada.

Sisemi kila mtu anunue. Kwa anayeishi Louisville, Kentucky, ambako jamii yetu ni kubwa na theluji ni ya siku chache, seti moja ya tairi za hali zote za hewa zenye ule mchoro wa mlima, zinazokaa mwaka mzima, inatosha. Gharama ya ringi, sensa na fundi inafutika. Kwa anayekaa Fargo au Winnipeg, jibu hilo halifai.

Tairi zikishafungwa, kinachosumbua zaidi ni upepo. Jaza psi 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, toka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kipimo kitasoma 28. Hakuna pancha, ni hewa imesinyaa. Tairi ya E iliyojazwa 80 itashuka hadi 67 hivi. Pima asubuhi gari likiwa limelala nje, kisha ujaze kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo.

Halafu kuna ule mkia mwepesi. Pikapu tupu hubeba karibu asilimia 58 ya uzito wake mbele, kwa hiyo kati ya kilo 2,200, nyuma zinabaki kama 924. Weka kilo 150 za mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, na uzito wa pale unapanda kwa asilimia 16. Mkia unatulia kwenye kona na magurudumu ya nyuma yanaacha kuzunguka bure kwenye taa za barabarani. Ifunge mifuko isiteleze, wala usiirundike kwenye mlango wa nyuma kabisa, kwani hapo inanyanyua pua ya gari na kuyapunguzia magurudumu ya mbele mshiko wa kukata kona.

Kina cha kashata kipime kwa sarafu ya robo dola: ukiuona utosi wa Washington wote, zimebaki chini ya milimita 3.2, na tairi hiyo imekwisha kwa theluji hata kama sheria ya kawaida inakubali hadi 1.6. Kwangu kikomo ni 4.8, ambacho Colorado nayo hukidai kwenye barabara zake za milimani. Umri usome kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Nunua Septemba au Oktoba, kabla theluji ya kwanza haijapanga watu foleni kwa mafundi, na nati zikishakazwa, kwa F-150 za miaka ya karibuni futi-paundi 150, zikaze tena baada ya kilomita 100.