Ocha Iko na Shosh, na Miyi Je?

Disemba ikikaribia, swali mtaani huwa moja: unaishia ocha lini? Pale Machakos Country Bus kila msee ako na gunia, unga na mikate ya shosh. Ocha, ushago, gichagi, hizo zote ziko na utamu, juu kuna mtu anakungoja. Wazee wengine bado husema "risavu". Hiyo nayo ina kidonda ndani, ni zile risavu mkoloni alitengea Waafrika akabaki na shamba poa.

Sasa cheki venye tunabonga kuhusu mahali hatuna shosh. North ni "interia", ni "huko ndani ndani". Odijo akipostiwa North Horr, mbogi inampea pole za matanga. Karao akiharibu, watu wanasema apelekwe Mandera. Nyumbani kwa watu tumepageuza adhabu, na manze hiyo hunichoma.

Ukweli, huko watu ni wachache. Sensa ya 2019 ilipata Marsabit watu 6 kwa kila kilomita mraba. Nairobi ni zaidi ya 6,000. Lakini hapo Loiyangalani upepo unazungusha mitambo 365, na tangu 2018 stima yake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, iingie kwa gridi yenye inatuwashia keja huku Eastlando.

Na hiyo umbali ya North haikuletwa na jangwa pekee. Mkoloni alitunga sheria ya wilaya za mbali 1902, na baadaye kuingia ama kutoka NFD, ile wilaya ya mpaka wa kaskazini, ikawa lazima kibali. Uhuru ikaja, alafu serikali, kwa Sessional Paper Namba 10 ya 1965, ikasema doh ya maendeleo ianzie penye ardhi italipa haraka. Lami ya Isiolo hadi Moyale ikamalizika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Ndio maana msee wa Moyale akipanda basi ya Nairobi, kwao walizoea kusema anaenda Kenya.

Lakini ukikaa na mayut Wasomali wa Eastleigh utaskia "miyi". Ni huko kwa ngamia na maziwa, penye ayeeyo, yaani shosh, anaishi. Wanaitaja na ile furaha yetu ya Disemba. Sheng imekopa kwa kila kabila ya mtaa. Miyi nayo tuibonge, hata sisi wenye hatujawahi pita Isiolo.