Muziki wa watu wawili: Akodiani inavyoweza kumsaidia mzazi kuamua

Namanyere. Mtoto anaposema anataka kujifunza muziki, wazazi wengi huuliza kwanza gharama, kisha masomo yake yatakuwaje. Ni maswali ya haki, hasa kwa familia ya Namanyere, wilayani Nkasi, inayosubiri mahindi yauzwe ndipo ipange fedha za shule.

Hata hivyo, historia ya akodiani, ambayo wengine huiita kodiani, inaonyesha kuwa muziki unaweza kuanza na watu wawili wanaosikilizana.

Fundi Cyrill Demian aliisajili akodiani mjini Vienna, Austria, mwaka 1829. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyolia hewa inapopita. Hewa hiyo husukumwa na mivukuto, ambayo mpigaji huivuta na kuibana kwa mikono.

Mivukuto si kitu kigeni Ufipa. Wafua chuma wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu liitwalo ilungu, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Mzazi anaweza kuanzia hapo kumweleza mtoto jinsi akodiani inavyofanya kazi.

Kutoka Ulaya, chombo hiki kilisafiri na kupata makabila mapya. Nchini Kenya, Wakikuyu walikiingiza katika mwomboko, mchezo uliochanganya ngoma zao na dansi za Ulaya kama waltz. Kiini chake ni watu wawili: mmoja hupiga akodiani, mwenzake hugonga pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Mmoja hubeba wimbo, mwingine hushika mapigo. Mwenye akodiani akikimbia peke yake, wachezaji hupotea hatua.

Zanzibar nako akodiani iliingia katika taarab, ikakaa pamoja na fidla, udi na kanuni. Tangu mwaka 2002, chuo cha muziki kijulikanacho kwa kifupi DCMA, kilichoanzia Mji Mkongwe, kimekuwa kikifundisha vijana ala hizo. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Ikiwa chuo chenye jina kubwa kinaweza kuyumba hivyo, hofu ya mzazi kuhusu gharama si ya kupuuzwa.

Kwa hiyo, haifai kukimbilia kununua chombo. Akodiani si bidhaa ya kukuta katika kila duka, na ikiharibika huhitaji fundi anayeijua. Nyumbani, watoto wawili wanaweza kuanza na sauti na makofi: mmoja aimbe wimbo anaoujua, mwingine apige mapigo kwenye ndoo au ngoma, kisha wabadilishane. Dakika 20 baada ya kazi za shule zinatosha. Simu ya mzazi nayo inaweza kutumika kusikiliza mwomboko au taarab, mtoto akitafuta sauti ya akodiani ilipo.

Zoezi hilo humfundisha mtoto kungoja zamu, kumsikia mwenzake na kurekebisha kosa bila kugombana. Mtoto wa kwaya atalitambua upesi.

Wapo watakaotaka kwenda mbali zaidi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, hufundisha muziki, lakini iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Namanyere. Safari hiyo huhitaji akiba na maandalizi ya miaka.

Kabla ya kuuza gunia, mzazi amtazame mtoto kwa miezi michache. Anayefanya mazoezi bila kusukumwa, na anayekubali kushika mapigo ili mwenzake aimbe, anastahili kufikiriwa. Aliyechoka baada ya wiki mbili hajapoteza kitu, wala familia haijapoteza mahindi yake.