Baiskeli Inayotunza Suti

Koboko, nyoka ambaye kwa Kiingereza huitwa black mamba, si mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu au ya rangi ya zeituni. Cheusi ni kinywa chake kwa ndani, na anayekiona huwa amekaribia mno. Kilicho cheusi kweli ni baiskeli iliyopewa jina lake nchini Kenya: fremu nyeusi, madigadi meusi, kifuniko cha cheni cheusi, na mbele usukani mpana unaong'aa. Wakazi wengi wa Nairobi watakuambia Black Mamba ni chombo cha mashambani, cha mzee na debe lake la maziwa. Hao hawajasimama kando ya Barabara ya Gitanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Saa hiyo, kutoka Kawangware kwenda Lavington na Kilimani, hushuka walinzi ndani ya makabuti yao, wapishi, maseremala wenye misumeno iliyofungwa kwenye kerea, na mara mojamoja karani mwenye tai na viatu vilivyopigwa rangi. Kaptula ya kubana haionekani. Hakuna aliyebadilisha nguo ili apande baiskeli, wala atakayebadilisha akishuka.

Jambo hilohilo mjini Copenhagen limepigiwa tarumbeta dunia nzima. Tangu mwaka 2006 mpiga picha Mikael Colville-Andersen aliwanasa wenyeji wakienda kazini kwa baiskeli na makoti yao mazuri na viatu vya visigino, na picha zake zikazaa mtindo ulioigwa katika miji mingi. Alichotaka kuonyesha ni kwamba baiskeli si lazima iwe mazoezi, na mwendeshaji avae anavyovaa siku zote. Kawangware ililijua hilo bila mpiga picha. Kweli, wengi huko hupanda baiskeli kwa sababu nauli ya matatu huruka mara tu mvua inapoanza kunyesha, wala hawafikirii urembo. Lakini kabuti lililopigwa pasi ni kabuti lililopigwa pasi.

Umbo la baiskeli ndilo linalowezesha yote hayo. Usukani uko juu na umerudi nyuma, hivyo mtu hukaa wima kama aliye kitini, akiona mbele na kuonekana. Kifuniko huzuia grisi ya cheni isiguse suruali, madigadi huzuia tope lisipande mgongoni, na kiti kina springi nene. Magurudumu ni ya inchi 28, na mashimo ya Barabara ya Naivasha hayayamezi kirahisi. Vua vitu hivyo vyote ili upate wepesi, na utabaki na baiskeli inayokulazimu kubeba suruali ya pili.

Uhondo wenyewe, hata hivyo, uko kwenye breki.

Baiskeli nyingi za leo husimama kwa waya: mkono unavuta, waya inabana rimu pande zote mbili kama koleo. Black Mamba ya asili haina waya ya breki hata moja. Chini ya usukani zimepangwa fito nyembamba za chuma. Mwendeshaji akivuta mkono wa breki, ufito wa mbele hupanda, na mwisho wake umeshika chuma kilichopinda kama kikuku cha tandiko la farasi. Kikuku hicho kimelipanda gurudumu pande mbili, na ncha zake zina vipande vya mpira vinavyogandamiza rimu kwa ndani, upande ule unaotazama kitovu. Ndiyo maana rimu yake haifanani na nyingine: ina kingo za mviringo zilizokunjwa mahsusi ili mpira upate pa kushika. Breki ya nyuma ina safari ndefu zaidi. Ufito unateremka sambamba na bomba la fremu, unapita kwenye bawaba, unageuza mwelekeo karibu na pedeli, ndipo uvute kikuku cha nyuma. Ukifunga breki kwa nguvu, maungio yote hulia kak, kak, na mtembea kwa miguu aliye mbele hujua cha kufanya kabla ya kengele.

Anayeicheka breki hiyo hajawahi kupinda rimu. Gurudumu likigonga shimo na kwenda mrama kidogo kwa ubavu, breki za waya huanza kusugua kila mzunguko. Za fito hazijali, kwa kuwa hazibani ubavuni. Zitalalamika tu gurudumu likipoteza uduara. Waya huoza uzi mmoja mmoja ndani ya ala yake, mahali asipoona mtu. Ufito hupinda hadharani, na fundi wa chini ya mti huunyoosha kwa nyundo huku mteja akinywa chai. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: rimu ya chuma ikilowa, mpira huteleza. Mvua za masika zikianza, mwenye Black Mamba hufunga breki mapema sana kabla ya kufika kwenye makutano, na wengine huongezea soli ya kiatu.

Katika historia ya breki hizi kuna majina yanayowachanganya hata wajuzi. Frank Bowden ndiye aliyeikuza kampuni ya baiskeli ya Raleigh ya Nottingham tangu miaka ya 1880, na Raleigh ni miongoni mwa waliozieneza baiskeli za fito katika makoloni ya Uingereza. Ernest Bowden, mtu mwingine kabisa, ndiye aliyepata hataza ya ile waya iliyokuja kuziua fito, mwaka 1896. Barani Afrika waya ilichelewa sana kushinda. Baadaye kazi ya kutengeneza baiskeli hizi ilishikwa na viwanda vya China na India, kama Hero ya Ludhiana iliyoanza mwaka 1956.

Huko Ulaya mashine hii haijazeeka. Pashley, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1926, huuza baiskeli nyeusi za umbo hilohilo, ingawa breki zimehamia ndani ya vitovu. Waholanzi wana opafiets, yaani baiskeli ya babu, na hakuna anayeionea haya. Nairobi fremu ya namna hiyo huishia kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu, ikapimwa kwa kilo pamoja na mabati. Huo ni upotevu wa kijinga. Fremu ya chuma iliyovunjika hutengenezwa na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, jambo ambalo huwezi kusema kuhusu nyingi za alumini zinazouzwa kwa bei mara kadhaa.

Kasoro ya kweli ya Black Mamba ni gia moja. Kawangware iko juu ya katikati ya jiji kwa zaidi ya mita 100, kwa hiyo asubuhi ni mteremko na jioni, mtu akiwa hoi, ni mlima, huku mabonde ya mito yakiongeza chumvi. Anayeisukuma kwa mguu kupanda Lavington asichekwe. Miguu yake ndiyo gia ya pili. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na ambalo baiskeli zake za Buffalo huonekana sana upande wa Kisumu, limelijibu tatizo hilo kwa ujanja wa kupendeza: toleo lake la gia mbili lina cheni mbili, na ili kubadili gia mtu hukanyaga kinyumenyume kidogo tu. Hapo pia hakuna waya. Wanaotaka gia 20 na kaptula za kubana waendelee na safari hadi Mai-a-Ihii, Kikuyu, kwa David Kinjah, aliyemlea Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara nne. Huko kaptula zina kazi.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Anayetaka kujua ahadi hiyo imefika wapi afuate njia ya baiskeli kandokando ya Barabara ya Ngong: hapa pikipiki zimeegeshwa, pale pana vitanda vya kuuzwa, mbele njia inakatika bila kuaga. Barabara ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022 na kuishia Westlands, haiwaruhusu waendesha baiskeli kabisa. Katikati ya jiji mlinzi wa jengo atalinda gari la mgeni asiyemjua, kisha aifukuze baiskeli langoni, naye mwenyewe amekuja kazini kwa Black Mamba.

Kazi nyingine za baiskeli hii ni nyingi: maziwa, mkate, trei za mayai, makaa, sukuma wiki, mitungi ya maji, jiwe la mnoa visu linalozungushwa kwa pedeli, na teksi ya mpakani Busia, ambayo ndiyo bodaboda ya kwanza kabla pikipiki hazijanyakua jina.

Ukiikuta imeegemezwa ukutani, Kangemi au Kawangware, omba ruhusa uhesabu spoki. Kwa desturi ya Waingereza gurudumu la mbele lilikuwa na 32 na la nyuma 40, kwa sababu mzigo wote hukaa nyuma.