Fahamu: Jinsi usafishaji wa damu unavyoathiri kinga ya mwili

Katika hospitali za rufaa za kaunti za Kitui na Makueni, wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi husafishwa damu kwa mashine, tiba iitwayo dialisisi, ambayo kwa kawaida huchukua takriban saa 4 kila mara. Sumu zinazosalia mwilini hudhoofisha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, ilhali kugusana kwa damu na chujio la mashine huweza kuchochea inflamesheni, yaani hali ya kinga kuamka na kupambana, hapa pasipo adui. Isitoshe, mpira wa kupitishia damu unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo huwafungulia bakteria njia, ndiyo maana fistula, yaani mishipa iliyounganishwa mkononi kwa upasuaji, ni salama zaidi. Kwa kuwa chanjo huamsha kinga hafifu kwa wagonjwa hawa, hupendekezwa dozi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B iwe maradufu, nao wanastahili kuipata mapema.