Gonga Kabla Ulipe

Msee akiomoka kidogo, anahama keja ya kupanga, anajijengea yake Ruiru ama Kitengela, na haikawii madam anaitisha bathtabu. Hiyo ni fiti. Ngori ni vile watu huchagua: unacheki picha kwa simu, unaona nyeupe flani ya miguu ya simba, unatuma ganji. Na maji je? Bathtabu ya kawaida inakunywa kitu lita 150. Kama uko na insta shawa inatema lita 3 kwa dakika, hiyo ni dakika 50 umekaa na taulo ukingoja, na ikiwa ni Julai, maze, utajua hujui.

So cheza na joto. Stili ya kupakwa inameli inang'aa dukani na bei haiumi, lakini hiyo ni bati jembamba. Maji inapoa mbio, na ukidondosha kitu nzito inameli inabanduka, kutu inaingia. Mi siwezi. Faiba (si ya Wi-Fi) ni chee na nyepesi, ila ngozi yake ya juu inafifia na inafanya nyufa ndogondogo.

Doo yangu ningeweka kwa akriliki. Ni shiti ya plastiki inapigwa moto ikalainika, inavutwa ikae shepu, halafu mgongo inashikishwa na faiba. Ukiigusa haikushtui na baridi, na wasee wawili wanaipandisha ngazi wakipiga stori. Ikikwaruzika unaipolishi. Mwenye kuosha tu umkanye: Vim na stilwuli, zii! Na famba ziko. Vua viatu, ingia ndani palepale dukani, kanyaga katikati. Ikibonyea, hepa. Usione haya, doo ni yako.

Mbuyu wa hizi zote ni ile chuma nzito ya kusubu. Zile bangalo za kitambo za Kileleshwa zikibomolewa ndio fleti zisimame, ukiwa na bahati unaeza okota moja kwa wanaouza vitu za mjengo. Sumaku inanata kwa hii na kwa stili pia, so gonga: stili inalia, hii inatoa mlio mzito umekufa. Mwanzo inakula joto yako, lakini ikishashika moto haikuachi. Sasa piga hesabu: tupu inaeza gonga kilo 150, maji 150, na wewe hapo ndani. Chini kwa graundi, sawa. Juu kwa slabu, fundi akikuambia "itashika tu, boss," itisha injinia.

Na fundi akifika kwa silikoni ya kuziba pale ukutani, asipake bathtabu ikiwa tupu. Ijazwe kwanza ishuke vile itashuka, apake, ilale na maji ndani, kesho ndio utoe plagi. Wengi hupaka ikiwa tupu. Siku ya kwanza umeoga, ile laini ya ukutani inaachana, maji inapata njia, na walio chini wanaanza kukutafuta.