Joséphine Baker: mwimbaji aliyebeba siri za vita kwenye karatasi za muziki

Siku ya pili, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021, wanajeshi wa jeshi la anga la Ufaransa walibeba sanduku mabegani mpaka ndani ya Panthéon, jengo la Paris ambamo nchi hiyo inawaweka watu wake wakubwa. Hamkuwa mwili ndani ya sanduku hilo. Mlikuwa udongo uliochukuliwa mahali ambapo marehemu aliishi: Saint Louis kule Marekani, Paris, Milandes na Monaco. Marehemu mwenyewe, Joséphine Baker, alikufa mwaka wa 1975 na mwili wake umebaki Monaco. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima ya Panthéon.

Wengi wanamjua kwa picha moja tu: msichana anayecheza jukwaani na mshipi wa ndizi kiunoni. Kwa nini basi wanajeshi ndio waliombeba? Kwa sababu alikuwa mwenzao, mwenye cheo cha luteni mdogo katika jeshi la anga.

Alifika Paris mwaka wa 1925, akiwa na miaka 19, akikimbia ubaguzi wa Marekani. Kwa muda mfupi akawa mmoja wa wasanii waliojulikana zaidi Ulaya, na mwaka wa 1937 akapata uraia wa Ufaransa. Vita ilipoanza mwezi wa tisa 1939, ofisa wa upelelezi wa kijeshi, Kapiteni Jacques Abtey, alipelekwa kwake. Abtey hakufurahia kazi hiyo. Aliogopa kumwamini mwanamke wa jukwaani, kwa kuwa Wafaransa walikuwa bado wanamkumbuka Mata Hari, mchezaji aliyepigwa risasi mwaka wa 1917 akishitakiwa kuwa jasusi wa Wajerumani. Lakini baada ya kuzungumza naye alibadili mawazo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Joséphine alialikwa kwenye karamu za mabalozi, na kule wakubwa walipenda kujionyesha mbele yake kwa kuzungumza mengi. Kwenye ubalozi wa Italia alikaribishwa vizuri, na sababu yake haipendezi: mwaka wa 1935 alimsifu Mussolini hadharani alipovamia Ethiopia, kwa kuamini propaganda kwamba Waitalia wanaenda kukomesha utumwa. Kwa msomaji wa Congo neno hilo ni chungu. Wanajeshi wa Force Publique walitembea mpaka Ethiopia kupigana na Waitalia hao hao, wakawashinda Saïo mwezi wa saba 1941. Kambi ya Saïo pale Bukavu inabeba jina la ushindi huo. Kosa la Joséphine lilimfungulia mlango, naye akautumia mlango huo kwa faida ya upande mwingine.

Wajerumani walipoingia Paris mwaka wa 1940, alihamia kwenye nyumba yake kubwa ya Milandes, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo alisafiri kwenda Lisbon, Portugal, nchi ambayo haikuwa vitani. Abtey alisafiri naye kwa pasipoti yenye jina la uongo, kama karani wake. Habari za kijeshi ziliandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi za muziki wake. Nyingine, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alizifunga kwa pini kwenye nguo zake za ndani. Mipakani polisi walifurahi kumwona mtu maarufu, wakamuomba sahihi. Nani angethubutu kumpekua? Kutoka Lisbon habari hizo zilielekea London, kwa watu wa Jenerali de Gaulle.

Mwaka wa 1941 alivuka bahari kwenda Algeria, kisha Morocco. Kule Casablanca tumbo lilimshika vibaya. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, akalala kliniki zaidi ya mwaka mmoja, na magazeti ya Marekani yakatangaza kwamba amekufa. Hata kitandani kazi haikusimama: kati ya wageni waliokuja kumpa pole walikuwemo watu waliobadilishana habari chumbani mwake.

Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliposhuka Afrika ya Kaskazini mwezi wa kumi na moja 1942, alikuwa bado dhaifu. Hata hivyo alianza tena kuimba, safari hii mbele ya wanajeshi, kutoka Morocco mpaka Mashariki ya Kati, bila kudai malipo. Casablanca aliimba katika klabu ya wanajeshi weusi wa Marekani, ambao jeshi lao liliwatenga na wenzao weupe. De Gaulle alimpa msalaba mdogo wa Lorraine wa dhahabu. Aliutoa uuzwe kwenye mnada ili pesa ziende kwa wapiganaji. Mwaka wa 1944 aliandikishwa rasmi katika kikosi cha wanawake cha jeshi la anga.

Medali ya wapinzani wa Wajerumani aliipata mwaka wa 1946. Ile kubwa ya Légion d'honneur, pamoja na msalaba wa vita, alivalishwa mwaka wa 1961 tu, miaka 16 baada ya vita kuisha. Waliopigana wakiwa na bunduki wengi hawakungoja hivyo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 28 mwezi wa nane 1963, alirudi katika nchi aliyoikimbia. Watu zaidi ya laki mbili walikusanyika Washington kudai haki za weusi, siku ile Martin Luther King alipotoa hotuba yake kubwa. Joséphine, mwenye miaka 57, alipanda kuzungumza bila manyoya wala nguo za kung'aa. Alivaa yunifomu yake ya jeshi la Ufaransa, na medali zote kifuani.