Simu ya 911 Inapopita kwenye Intaneti

Mtu akipiga 911 nchini Marekani, jambo la kwanza ambalo mtandao lazima ulijue ni mahali alipo. Jina na shida yake vitajulikana baadaye. Nchi ile ina maelfu ya vituo vya kupokea simu za dharura, kila kimoja na eneo lake, na simu ikiangukia kituo cha mbali, aliyeipokea hana gari la wagonjwa la kutuma.

Enzi za simu za waya, jibu lilikuwa kwenye waya wenyewe. Namba ilikuwa mali ya nyumba. Swichi maalumu ya dharura iliisoma namba ya mpigaji, ikaitafuta kwenye hifadhidata ya anwani, kisha ikaipeleka simu kwenye kituo kinachohusika. Anwani ikatokea kwenye skrini hata kama mpigaji ameshindwa kusema.

Simu za intaneti zilitenganisha namba na nyumba. Kifaa chenye namba ya Houston unaweza kukichomeka Boston na kikafanya kazi kama kawaida. Hapo mwanzo, baadhi ya kampuni zilimtaka mteja aiombe 911 mwenyewe; nyingine zilizipeleka simu hizo kwenye namba za ofisi za vituo. Mwaka 2005, huko Houston, binti ambaye wazazi wake walikuwa wamepigwa risasi na wavamizi alipiga 911 kwa simu ya intaneti. Alichosikia ni sauti iliyorekodiwa ikimwambia huduma hiyo haipatikani. Juni mwaka huohuo FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ikazipa kampuni siku 120 kuhakikisha simu za namna hiyo zinafika kwenye swichi za dharura zikiwa na anwani ya mteja.

Lakini swichi zile zilijengwa kuelewa namba tu, na hazikuwa na habari na intaneti. Wahandisi wakabuni ujanja, tena mzuri. Ukipiga 911, kampuni yako inakiuliza kituo maalumu cha kutafuta mahali: mteja huyu aliandikisha anwani gani? Kituo hicho kinatambua eneo lako ni la nani, kisha kinaiazima simu yako namba ya muda kutoka fungu la namba za eneo hilo. Simu inavuka geti kutoka intaneti kwenda mtandao wa zamani ikiwa imebeba namba hiyo ya kuazima, na swichi inaipitisha ikidhani ni simu ya mtaani. Kompyuta ya mpokeaji inapouliza namba hiyo ni ya wapi, swali linarudi kwenye kituo kilekile, nacho kinatoa anwani yako pamoja na namba yako halisi, ili akupigie simu ikikatika.

Yote haya yanategemea anwani aliyoandika mteja. Mwaka 2008, familia moja ya Calgary, Kanada, ilipiga simu ya intaneti kwa ajili ya mtoto wao mgonjwa. Gari la wagonjwa lilitumwa Mississauga, walikokuwa wakiishi zamani, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Mtoto akafariki.

Mfumo mpya, unaoenea taratibu, unaiacha namba na kupafuata mahali penyewe: simu inasafiri na taarifa za alipo mpigaji, na seva zinauliza kituo gani kinahudumia hapo kwa kutumia itifaki iitwayo LoST, iliyochapishwa mwaka 2008. Kwa vituo ambavyo havijahama, geti bado linalazimika kutafsiri kurudi kwenye lugha ya namba.

Kwa ndugu zetu wa Minneapolis wanaokuja likizo na vifaa vyao vya simu za intaneti: ukikichomeka kifaa chako Dar es Salaam na kupiga 911, utapokewa Minnesota, kwa anwani uliyoiandikisha kule. Hapa piga 112, kwa simu yenye laini ya hapa.